Gari Lililorefushwa kwa Ajili Yetu

Siku ya Jumatano, katika Mfungo Sita wa mwaka wa 1965, tulimpoteza mavyaa wangu, mama mzazi wa mume wangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye sauti ya kufika nyumba ya tatu. Alifia njiani, ndani ya lori la mawe, kabla hatujafika Makupa kuingia kisiwani. Watu husema alikufa kwa maradhi ya tumbo, na ni kweli. Lakini sisi tuliokuwa naye siku ile hatuwezi kulitaja tumbo bila kulitaja gari.

Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo. Karakana yake ilikuwa banda la mabati kule Liwatoni, karibu na maji, na kazi yake kubwa ilikuwa injini za mashua. Nyumba yetu ilikuwa Kuze, katika Mji wa Kale, ambako vichochoro ni vyembamba hata punda wawili wakikutana mmoja lazima arudi nyuma. Kwa hiyo gari aliliacha nje, kwenye barabara kubwa, na sisi tulijua amerudi kwa kusikia honi. Alikuwa na mtindo wake wa kupiga: mara moja fupi, mara moja ndefu.

Lilikuwa landrova fupi, kuukuu, alilolinunua likiwa halina injini. Alilifufua mwenyewe. Mbele liliketi watu wawili, na nyuma palikuwa wazi, mahali pa magunia na vyuma. Sura halikuwa nayo. Alilipenda kwa sababu lilikuwa likipanda mawe, na mama yake alikaa juu ya mawe.

Shamba la mavyaa lilikuwa nyuma ya Mazeras, juu mlimani. Mumewe alipofariki, alimaliza eda hapa mjini, kisha akasema Kuze inambana kifua, akaenda kukaa kule na mbuzi wake. Njia ya kupanda haikuwa njia ya gari. Ilianza kwa udongo mwekundu, ikapita machimboni, pale wanaume walipokuwa wakipasua yale mawe bapa yanayotandikwa sakafuni mjini, halafu ikawa mwamba mtupu, ngazi baada ya ngazi. Karibu na kilele palikuwa na jiwe moja lililoinuka katikati ya njia kama mgongo wa ngamia, huku ukuta, huku korongo. Huwezi kulizunguka. Sisi tuliliita Nundu.

Siku moja nilimuuliza mume wangu gari linapitaje pale. Nilikuwa nakuna nazi. Akachukua kifuu, akakifunika juu ya mkeka, akatoa kiberiti mfukoni, akakipandisha polepole juu ya kifuu.

"Tazama," akasema. "Magurudumu ya mbele yameshuka upande wa pili, na ya nyuma tayari yanapanda. Tumbo halipati nafasi ya kugusa. Kwa nini? Kwa sababu ya mbele na ya nyuma yako karibu karibu."

Kisha akachukua kitana changu kirefu cha mbao, akakipitisha vilevile. Kitana kilifika katikati kikalala juu ya kifuu, kikawa kinapembea, huku hakigusi, huku hakigusi.

"Na hiyo?" nikauliza.

"Hiyo ni lori. Lori haliendi kwa mama."

Kila Jumapili alikwenda na unga, sukari, mafuta ya taa, na kikapu cha maganda ya ndizi na viazi nilichokuwa nikikijaza wiki nzima kwa ajili ya mbuzi wa mavyaa. Akishaivuka Nundu hupiga honi, fupi na ndefu, na mama yake husikia, akateleka birika. Mbuzi nao walisikia. Mume wangu alikuwa akisema mbuzi wanampenda kuliko sisi tunavyompenda, maana wao hukimbia kumlaki.

Sisi wanawake hatukwenda. Siku zile mwanamke wa Kuze hakupanda nyuma ya gari wazi, apeperushwe buibui mbele ya Makupa nzima. Tulikwenda Idi kwa Idi, kwa gari moshi mpaka Mazeras, halafu kwa miguu. Mawifi zangu walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa mnene na miguu yake ilivimba, na Idi ya mwisho alipanda mlima ule akikaa juu ya kila jiwe, akafika analia. Mavyaa alimkanda miguu kwa maji ya chumvi, kisha akamgeukia mwanawe.

"Wewe unaambiwa fundi," akamwambia. "Watu wanakuletea mashua zilizozama unazifufua. Dada zako na mkeo umeshindwa kuwapatia pa kukaa?"

"Gari ni fupi, mama."

"Si ulirefushe! Au chuma hakishoneki?"

Mume wangu alicheka. Lakini mimi nilimjua. Mama yake akisema neno, kwake halikuwa mzaha.

Wiki ile ile alitupanga darini kwenye ngazi ya mbao, sisi watatu, ubavu kwa ubavu, akaja na utepe wa kupimia. Alitaka mabao mawili ya kukalia, moja huku moja huku, tukae tunatazamana bila magoti kugongana, na katikati pabaki pa vikapu. Juu paa, na pande zote mapazia.

"Kaka, mimi usinipime na buibui," akasema wifi mkubwa. "Buibui inanenepesha."

"Kwani garini utakaa umeivua?" wifi mdogo akamdakia. "Mwache apime ukweli."

"Nikipima ukweli wote," mume wangu akasema, "pua ya gari itafika Changamwe na mkia uko Kuze."

Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nakumbuka nilivyokuwa na furaha, na sijui niipeleke wapi furaha ile sasa.

Aliyekuwa akimchomea vyuma alikuwa Singasinga mmoja, rafiki yake tangu ujana, aliyezaliwa hapahapa Mombasa na kusema Kiswahili kutushinda sisi kwa matusi. Siku niliyopeleka chakula Liwatoni niliwakuta wote wawili wamechuchumaa, wamechora gari kwa chaki sakafuni. Niliweka sufuria, nikasubiri nje ya mlango, nikasikia yote.

"Yakhe, una njia mbili," Singasinga alikuwa akisema. "Moja, magurudumu yabaki palepale, uongeze bodi nyuma, ining'inie. Rahisi. Lakini ukianza kupanda ngazi ya kwanza, mkia utajipigiza chini, na uzito wote ukiwa nyuma, mbele itainuka kama punda aliyechoka. Akina mama wote chali."

"Hiyo sitaki."

"Ya pili, ukate chesi katikati, uongeze chuma, magurudumu ya nyuma yaende nyuma. Hapo itapanda imetulia, haitainuka mbele hata kidogo. Barabarani itakuwa tamu. Lakini tumbo, bwana. Tumbo litakuwa refu."

"Nitaongeza jani moja kila springi. Nitainyanyua."

"Utainyanyua ikiwa tupu. Hao utakaowapakia ni pamba?"

Mume wangu akasema, "Tusiongeze vyote tulivyopima. Tuongeze nusu yake. Wakae wamebanana kidogo."

"Nusu ya kosa," Singasinga akasema, "lakini sawa. Mama yako ameamuru, nani atabisha?"

Kazi ilichukua muda mrefu kuliko alivyodhani. Waliikata chesi, yale mapande mawili ya chuma yanayobeba gari zima, wakaunga kipande kipya kila upande na kukibandika mabamba juu na chini. Ikabidi kurefusha propela, ule mti wa chuma unaozungusha magurudumu ya nyuma, na mabomba ya breki, na sailensa. Mimi na mawifi tulishona mapazia ya drili ya buluu na foronya za kukalia kutoka kwa kanga kuukuu. Kanga moja ilikuwa ya mavyaa, aliyotuachia.

Gari lilipotoka tulikwenda nalo Makadara siku za Idi, na jioni nyingine ufuoni, kwenye bustani ya Mama Ngina, tukala mihogo ya pilipili ndani ya gari, pazia limefunguliwa upande wa bahari tu. Wanawake wa mtaa walianza kututembelea bila sababu. Lilikuwa halitingishiki, kama alivyosema Singasinga. Ila kona za mjini lilikuwa linazihitaji mara mbili, kwenda na kurudi nyuma, na mume wangu alikuwa akitukana chini chini akidhani hatumsikii.

Alilijaribu Mazeras kabla ya kutupeleka sisi. Alikwenda na Singasinga na vijana wa karakana, wamepakia magunia ya mchanga wa uzito wetu. Waliporudi alikuwa na uso wa furaha. Limepita, akasema. Limekwaruza kidogo, lakini limepita. Nilimuuliza Singasinga kwa mbali, naye akajibu, "Limepita, dada. Tulishuka sote pale Nundu, tukashusha na magunia mawili, tukasukuma." Hakuna aliyeona neno katika hayo. Wanaume hushuka gari likikwama, ndiyo kawaida. Tukapanga kwenda mlimani baada ya Maulidi, na mavyaa akapelekewa salamu kwamba safari hii watoto wake wa kike wanakuja wamekaa kama mabibi.

Hatukungoja Maulidi. Jumatano asubuhi alikuja mtu aliyeleta nazi Marikiti kutoka kule kwao, akasimama chini ya dirisha letu akaita hodi. Alisema mama anatapika tangu jana mchana, tumbo limekuwa gumu, na ametuma aambiwe mwanawe.

Mume wangu alitaka kwenda peke yake palepale. Wifi mkubwa ndiye aliyemzuia mlangoni.

"Peke yako utafanya nini? Atamvisha nani? Atamshika nani njiani, wewe unaendesha?"

Alikuwa na haki. Ninaandika hivyo kwa sababu baadaye yapo maneno yaliyosemwa juu yake, na si ya haki. Mgonjwa mwanamke alihitaji wanawake, na gari lilikuwa na nafasi ya wanawake. Tulichukua godoro, maji, na kanga safi, tukapanda wote watatu.

Mpaka machimboni tulikwenda vizuri. Hapo nyundo zilinyamaza. Wapasua mawe waliliona gari lenye mapazia, wakasimama kutazama, na wengine wakatufuata nyuma kwa miguu, maana gari lilikuwa likipanda polepole na wao hawajawahi kuona kitu kama kile. Walikuwa wanaume wengi, vifua wazi. Sisi tulivuta mapazia, tukayashika kwa mikono.

Mume wangu alisimamisha gari chini ya Nundu. Alishuka, akalitazama jiwe, akachutama akaangalia chini ya tumbo la gari, akarudi. Kupitia upenyo wa pazia nilimwona akisimama karibu na sisi. Alifungua mdomo. Akawatazama wale wanaume. Akaufunga mdomo.

Nilijua alichotaka kusema. Alitaka kusema tushuke. Na nadhani sote watatu tulijua, kwa sababu wifi mdogo alikuwa ameshaanza kujifunga ushungi vizuri kama mtu anayejitayarisha kusimama. Lakini yeye hakutaka kuwateremsha dada zake na mkewe mbele ya umati ule, wapande jiwe kwa mikono na magoti. Nasi tulingoja tuambiwe. Alikuwa akitutunzia heshima yetu, na sisi tulikuwa tukimtunzia yake.

Akaingia, akatia gia ndogo, akapanda.

Magurudumu ya mbele yalifika juu, yakashuka upande wa pili. Halafu chini yetu, palepale katikati tulipoweka miguu, nikasikia chuma kinalala juu ya jiwe. Haukuwa mshindo. Ilikuwa kama mtu mnene anakaa kitini. Nyuma magurudumu yakazunguka bure, na gari likapembea kidogo, likatulia. Nikakikumbuka kile kitana.

Alijaribu kurudi nyuma. Kitu kikalia kwa ukali, kikakatika sauti. Akazima injini.

Msimamizi wa wapasua mawe alikuja na mtaimbo begani, akaamkia kwa adabu, akageuza uso pembeni asitutazame. "Bwana," akasema, "akina mama wakishuka gari itakuwa nyepesi. Tutaiinua."

Hapo tukashuka. Hakuna aliyetucheka. Wale wanaume wote walikuwa wamegeuza nyuso upande wa korongo, mmoja baada ya mwingine, bila kuambiwa. Wifi mkubwa alisimama juu ya jiwe akawaona migongo, akasema, "Kumbe tungeshuka tu."

Waliliinua kwa mitaimbo, lakini propela ilikuwa imepinda, haikuzunguka tena. Mume wangu alilala chini ya gari akaitazama, akatoka, akajifuta mikono kwa majani. Tukaliacha pale, tukamaliza mlima kwa miguu. Wifi mkubwa safari hii hakukaa juu ya jiwe lolote.

Mavyaa alikuwa kitandani, uso umekuwa wa majivu. Kwanza alimtazama mwanawe.

"Sikusikia honi," akasema.

"Gari imekwama Nundu, mama."

"Na hawa walikuwa ndani?"

"Walikuwa ndani."

Akatugeukia. Ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha, ikabidi tuiname. "Mlikaa vizuri?"

"Tulikaa vizuri, mama," akasema wifi mkubwa. "Tumekaa kama mabibi."

"Basi," akasema.

Wapasua mawe ndio waliomteremsha, juu ya kitanda chake cha kamba, wakipokezana, mume wangu akiwa mguu wa mbele hakubali kupokewa. Sisi tulitembea pembeni tumeshika kanga isipeperuke. Tulipofika kwenye gari alinyanyua kidole. Wakasimama. Wifi mdogo akafungua pazia la nyuma, na mavyaa akatazama ndani muda kidogo, yale mabao mawili, zile foronya. Nadhani aliiona kanga yake. Akafumba macho, wakaendelea.

Jua lilikuwa kali tulipofika barabara kuu. Lori la mawe lilitupokea. Tulimlaza kwenye godoro juu ya mawe bapa, kichwa chake mapajani mwa wifi mkubwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyejali nani anatuona. Alikata roho tumeshaiona bahari ya Makupa mbele yetu. Wifi mkubwa alikuwa akimtilia shahada sikioni, akaendelea kumtilia baada ya hapo.

Hospitali tulifika naye, kwa sababu mume wangu alikataa kuamini. Daktari alimtazama, akatuuliza alianza kuumwa lini na tulitoka saa ngapi. Hakusema angepona. Alisema tu, "Mngemfikisha asubuhi." Nimeligeuza neno hilo pande zote. Kwa gari fupi mume wangu angefika juu na kurudi kabla ya adhuhuri. Lakini angemweka wapi, ameketi mbele wima na tumbo lile, hana wa kumshika? Labda asingefika hata machimboni. Sijui, na sipendi wanaosema wanajua.

Siku za matanga Singasinga alikuja kutoa rambirambi. Alikaa barazani na wanaume, kisha akamwambia mume wangu, nami nikiwa ndani nyuma ya mlango, "Mimi ndiye niliyechoma ile chesi."

"Ulichoma vizuri," mume wangu akamjibu. "Haikukatika."

Gari lilivutwa mpaka Liwatoni likakaa bandani. Baada ya hitima ya arubaini nilisikia kwa wake wa wavuvi kwamba wanalikata tena. Hakuniambia, nami sikumuuliza. Siku moja alirudi na mapazia yamekunjwa chini ya kwapa, na zile foronya, akaviweka juu ya sanduku langu la nguo. Wifi mkubwa alikuja akaichukua ile ya kanga ya mama yake, akaondoka nayo.

Kisha Jumapili moja, baada ya chai, akaniambia, "Vaa buibui, twende."

Gari lilikuwa nje, fupi kama zamani, nyuma wazi. Aliniketisha mbele, kando yake, mahali ambapo sikuwahi kukaa. Tulivuka Makupa, tukapita Changamwe, tukafika Mazeras, na njiani hatukusema ila kuhusu mvua. Machimboni msimamizi alinyanyua mkono, mume wangu akanyanyua wake. Chini ya Nundu alisimamisha gari, akanitazama.

"Nishuke?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Kaa," akasema.

Lilipanda. Mbele likashuka, nyuma likapanda, chini yetu hapakugusa kitu. Upande wa pili mkono wake ulikwenda kwenye honi, ukasita pale juu yake. Halafu akapiga, fupi na ndefu.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kwa mnyororo, kama tulivyouacha. Jirani alikuwa amewachukua mbuzi awatunze, lakini hakuwa amewafunga. Walitoka nyuma ya nyumba mbio, wakaja moja kwa moja mpaka kwenye gari, wakasimamisha miguu yao ya mbele juu ya mlango wa upande wangu, wakaingiza vichwa ndani wakitafuta kikapu. Mume wangu akanigeukia. Nikamwonyesha mikono yangu. Tangu Jumatano ile sikuwa nimeweka maganda.